Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12–17

Leo twaomba mtufuate mpaka mahali ambapo mahubiri hayafiki mara nyingi, nako ni kule kiwanjani nyuma ya kanisa, siku ya Jumamosi, watoto wa Shule ya Jumapili wanapocheza.

Kitazameni vizuri kiwanja hicho. Magoli ni mawe mawili huku na mawe mawili kule. Mpira ni wa matambara, maana tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, ule mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani haupatikani kwa urahisi kama zamani. Vumbi ni jingi na kelele ni nyingi. Sasa tazameni pembeni, karibu na mti. Yupo mtoto mmoja amesimama, amekumbatia masweta ya wenzake. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Mama yake alimwogesha, akamfunga viatu, akamleta acheze. Naye amefanywa kigingi cha kutundikia nguo.

Huyo ndiye tunayetaka kusema habari zake leo. Pengine hasikii vizuri. Pengine mguu wake mmoja hauna nguvu. Pengine huchelewa kushika jambo analofundishwa, au ana usonji, ile hali ambayo kelele na mabadiliko ya ghafula humsumbua mtoto, na maneno humjia kwa shida. Daktari anayo majina ya hali hizi, nayo ni majina ya kusaidia. Pale kiwanjani wenzake wamekwisha kumpa jina jingine, nasi hatutalitamka hewani.

Somo letu latoka katika safari ya Yakobo akirudi nyumbani. Amekutana na kaka yake Esau baada ya miaka mingi ya uadui, wamekumbatiana na kulia. Sasa Esau, mtu mkunjufu, mwenye nguvu, na watu 400 nyuma yake, ataka waondoke pamoja mara moja. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamwita kaka yake bwana, halafu anamweleza kwamba watoto wake bado ni wadogo, na mifugo yake inanyonyesha, na kama wakikimbizwa kwa siku moja tu kundi lote litakufa. Basi yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yake na kwa mwendo wa watoto.

Wako wafafanuzi wasemao kwamba Yakobo alikuwa akitafuta njia ya kumkwepa Esau. Huenda wana haki, maana alisema atamfuata Seiri, naye akaishia Sukothi. Yakobo twamjua. Lakini hata mtu mwenye hila huweza kusema neno la kweli, na hili lilikuwa la kweli, kwa kuwa kila mchungaji wa mbuzi katika Kenya hii anajua kwamba kundi haliendeshwi kwa mwendo wa dume lililo mbele. Tena kumbukeni jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita: Yakobo mwenyewe asubuhi ile alikuwa akichechemea. Usiku wake ulikuwa wa Penieli. Aliyepanga mwendo wa msafara ule alikuwa mtu mwenye nyonga iliyoteguka.

Katika viwanja vyetu mwendo hupangwa na nani? Mara nyingi hupangwa na yule kijana mwepesi kuliko wote, na mzazi apigaye kelele kuliko wote. Wengine wakikimbizwa mpaka washindwe, twasema hawakuwa na kipawa.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la hisani, kama kugawa nguo kuukuu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wasema kwamba kucheza na kupumzika ni haki ya mtoto. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ulioridhiwa na nchi yetu mwaka 2008, wataja wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo pamoja na watoto wengine. Na Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 54, yataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Sheria imekwisha kusema. Tuliyobakiwa nayo ni kazi ya Jumamosi asubuhi.

Nayo ni kazi hasa, hatutaki kuwadanganya. Kumruhusu mtoto aingie kiwanjani ni rahisi. Matata huanza dakika kumi baadaye.

Katika parokia moja tunayoijua alikuwako mvulana wa miaka tisa mwenye usonji. Alipenda mpira sana, na nyumbani aliupiga ukutani mchana kutwa. Lakini Jumamosi mambo yaliharibika. Mara angecheza vizuri, mara angekimbia na kujificha nyuma ya tangi la maji. Siku moja mwenzake alimfuata huko, akamvuta mkono ili arudi mchezoni, naye akamng'ata. Damu ikatoka. Mama wa yule aliyeng'atwa alikuja kwa kasisi akitetemeka kwa hasira, na wazee wawili wa baraza la parokia wakasema mtoto huyo asirudi tena. Mwalimu wa mchezo, kijana mwema mwenye kujitolea, alisema, "Mama, huyu mtoto wako si mgonjwa, ni mkaidi. Nikipiga kipenga wote wanakuja, yeye anakimbia." Mama wa mvulana hakujibu. Alimshika mtoto wake mkono na kuanza kwenda zake. Alipofika langoni aligeuka akasema, "Mwalimu, mwanangu hana mahali pengine pa kwenda Jumamosi."

Sasa angalieni alivyofanya mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Hakuhubiri. Aliomba muda wa Jumamosi tatu, akaleta kiti chake na daftari. Kila mara mtoto alipoharibikiwa aliandika mambo matatu: kumetokea nini kabla, mtoto amefanya nini, na baada ya hapo amepata nini. Jumamosi ya tatu akawasomea wale wazee. Karibu kila mara mtoto alikimbia baada ya kipenga kulia karibu naye. Mara nyingine ilikuwa baada ya kusimama kwenye foleni ndefu akingoja zamu ya kupiga mpira, bila kujua foleni itakwisha lini. Na akifika nyuma ya tangi alipata kimya. Mtoto hakuwa akikimbia mchezo. Alikuwa akikimbia sauti.

Wapendwa, tabia ya mtoto ni maneno. Mtoto asiye na maneno ya kutosha husema kwa miguu, kwa meno na kwa kulala chini. Kazi ya mtu mzima ni kuuliza kwanza anasema nini, kabla ya kuuliza aadhibiwe vipi.

Basi walifanya mabadiliko machache, nayo hayakugharimu hata shilingi mia. Kipenga kiliwekwa mfukoni, mwalimu akatumia kitambaa chekundu cha kuinua juu. Foleni moja ndefu ikagawanywa kuwa tatu fupi. Yule mama alichora kwenye kipande cha katoni picha nne zikifuatana, yaani kukimbia kidogo, kupiga pasi, mchezo wenyewe, halafu uji, ili mtoto aone siku yake inavyokwenda na mwisho wake uko wapi. Kila hatua ikimalizika, picha yake inafunikwa. Dakika mbili kabla ya kubadilisha zoezi mwalimu alimwambia, "Bado kidogo, halafu tunaacha." Na nyuma ya tangi wakaweka jiwe la kukalia, wakamwonyesha kwamba akizidiwa anaweza kwenda pale bila kuulizwa, na kwamba hakuna atakayemvuta mkono.

Hatusemi kwamba alibadilika kama maji kuwa divai. Baada ya wiki tano alimsukuma msichana mmoja akaanguka. Lakini safari hii mwalimu alijua la kutazama, na yule mwenye kusukumwa alitunzwa kwanza, mbele ya wote. Hilo twalisisitiza, kwa sababu wako watu wenye huruma nyingi kwa mtoto mmoja hata wakamsahau wa pili. Mtoto aliyeng'atwa naye ana haki ya kucheza pasipo hofu. Mama yake hakuwa mtu mbaya alipokuja kwa hasira, alikuwa mama. Alipoonyeshwa daftari, na mpango wa kumlinda mwanawe, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama naye angeweza kusaidia kupika uji. Kwa kweli ni yeye aliyeona kwamba mvulana yule alifanya vibaya zaidi siku alizokuja bila kula.

Hapo tunamkumbuka nabii Eliya chini ya ule mretemu jangwani. Alikuwa amekata tamaa na kutaka kufa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamgusa tena ale mara ya pili. Maswali yalingoja mpaka Horebu. Ni ajabu jinsi watu wazima tunavyopenda kuanza na Horebu. Mtoto aliyetembea kilomita nne juani, hajala tangu jana jioni, hawezi kusikia mafundisho juu ya nidhamu. Mpeni uji kwanza.

Na hapa lazima tuseme neno juu ya fimbo. Bado wako walimu wa mchezo waendao kiwanjani na kijiti mkononi. Katiba inamlinda kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi au kumtesa moyoni. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, mtoto aliyekimbia sauti atakimbia fimbo mbali zaidi. Ataweza kunyamaza, ndiyo. Mtoto aliyetishwa hunyamaza, na walimu wengine hudhani kimya hicho ni kujifunza.

Kuna adhabu nyingine mbili tusizozipenda. Ya kwanza ni kumwambia mtoto aliyekosea azunguke kiwanja mara tano. Tunataka watoto wapende kukimbia, halafu twawafundisha kwamba kukimbia ni malipo ya uovu! Ya pili ni kumnyima mchezo mwezi mzima mtoto asiyejua kukaa na wenzake. Atajifunzia wapi kukaa nao? Kumtoa kwa dakika tatu apoe, na mtu akikaa karibu naye, hiyo inafaa. Kumtoa kwa mwezi ni kumrudisha ukutani na mpira wake.

Badala yake mtafuteni mtoto anapofanya vema. Wala msiseme tu "vizuri", maana neno hilo limechakaa kama senti. Mwambieni alilofanya: "Umemngoja mwenzako." "Umetoa pasi kwa aliyekuwa peke yake." Mtoto mwenye kuchelewa kufahamu hawezi kukisia nini kilichowapendeza wakubwa, ni lazima aambiwe, mara moja, na kwa maneno machache. Wale wa Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada, walikuwa na desturi nzuri. Marefa wao, pamoja na kadi ya manjano na nyekundu, walichukua pia ya kijani, wakampa mchezaji aliyeonyesha mwenendo mwema mchezoni. Tena timu zilipata alama katika ligi kwa kusafisha mitaa yao. Kadi ya kijani hukatwa kutoka jalada la daftari. Parokia gani haina jalada la daftari?

Kufundisha nako kuna njia yake. Mwalimu wetu wa chuo cha theolojia alikuwa akituambia kwamba mhubiri akitoa hoja saba hakutoa hata moja. Ndivyo ilivyo kiwanjani. Mweleze mtoto jambo moja. Mwonyeshe kwa mwili wako, usitegemee maneno tu. Simama mahali anapouona uso wako, na kama hasikii vizuri usiseme huku umegeukia goli. Mwache ajaribu, kisha umsubiri. Kusubiri ndiko kunakotushinda. Mtoto mwingine huhitaji muda mrefu baada ya kuambiwa kabla mwili wake haujaanza kutii, na katikati ya muda huo mwalimu amekwisha kurudia amri mara tatu kwa sauti ya kupanda, na kila amri mpya inaifuta ile ya kwanza.

Na mchezo wenyewe waweza kubadilishwa. Kanuni za kandanda hazikushuka pamoja na zile mbao mbili za mawe. Ukubwa wa kiwanja, uzito wa mpira, urefu wa mchezo na idadi ya wachezaji ni mambo ya watu, nayo hupangwa upya kila siku mahali penye watoto. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye misuli yake hukakamaa, apewe mpira mkubwa na mwepesi unaokwenda polepole, na goli lisogezwe karibu. Mwenye kiti cha magurudumu hatafika popote kwenye vumbi. Hamisheni mchezo huo kwenye sakafu ya saruji mbele ya kanisa. Kwa asiyeona, tieni kengele ndogo au njuga ndani ya mpira. Uko mchezo mzima uliobuniwa hivyo mwaka 1946, uitwao golboli, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Vikuu vya Pili. Wachezaji ni watatu kila upande, mpira una kengele, na wote hufungwa macho, hata waonao kidogo, ili wawe sawa. Watazamaji nao hunyamaza kimya wakati wa mchezo. Siku moja tuwafunge vitambaa watoto wote wa Shule ya Jumapili tuwachezeshe hivyo. Wale hodari watagundua jambo.

Lakini msiwape goli la huruma. Tumeona mara nyingi, na tunasema wazi kwamba hatulipendi: mlinda mlango anaanguka kwa makusudi, uwanja mzima unapiga makofi, na mtoto mwenye ulemavu anainuliwa juu juu. Anajua. Watoto hujua upesi kuliko tunavyofikiri. Kama amechukuliwa mpira kwa haki, basi amechukuliwa. Kama amecheza faulo, refa ainue kitambaa. Mtoto asiyeweza kushindwa hajaingia mchezoni bado. Amewekwa tu katikati ya kiwanja badala ya pembeni.

Kumsaidia mwenzako bila kumtangulia ni sanaa, na nchi yetu imepata mwalimu wa sanaa hiyo. Henry Wanyoike alipofuka mwaka 1995 kwa ugonjwa wa kiharusi, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki huko Sydney, akiwa pamoja na kiongozi wake mwenye macho, kwa kamba mkononi. Kiongozi alichoka kabla ya mwisho, na kipofu ndiye aliyemvuta mwenye macho mpaka kwenye utepe, akashinda dhahabu. Tena kanuni ya mbio hizo yasema kiongozi asivuke mstari kabla ya mkimbiaji wake. Ingefaa kanuni hiyo iandikwe penye kila kiwanja. Mtoto anayepewa kazi ya kumsaidia mwenzake asimfanyie kila kitu, asimpigie mpira wake, asimjibie maswali.

Na jambo dogo hapo hapo: msaidizi huyo asiwe dada yake kila Jumamosi. Dada amemwangalia wiki nzima nyumbani, amembeba kwenda kisimani na kumlisha. Amekuja naye kiwanjani, naye pia ni mtoto wa miaka kumi na moja mwenye kutaka kuruka kamba. Watafutwe wengine wawili watatu wenye kupokezana, ili dada naye acheze kati na wenzake.

Juu ya kifafa twasema kwa ufupi, maana hofu ni nyingi. Kifafa hakiambukizi, wala povu la mgonjwa halina madhara kwa mwenye kumshika. Si sababu ya kumzuia mtoto asicheze, ijapokuwa asiogelee wala kupanda juu bila mtu mzima karibu. Akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye, wekeni sweta chini ya kichwa, mtazame saa. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, msimkandamize. Mtetemo ukiisha, mgeuzeni alale ubavu na mkae naye. Ukipita dakika tano, au ukirudi tena kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali haraka. Maombi yafanyike njiani.

Tumebakiwa na Esau, yaani sisi wazazi pembeni mwa kiwanja. Esau hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kufika. Mzazi naye anataka kombe la dayosisi lirudi parokiani, naye anapiga kelele, "Mtoe huyo, anatupotezea mchezo!" Mama wa mtoto yule yuko hatua tatu kutoka kwake, na amesikia. Yuko kanisani kila Jumapili, hushiriki meza moja na mzazi huyo. Mashindano yana mahali pake, wala hatusemi vijana wasiokuwa na ulemavu wazuiwe wasipande juu. Iwepo siku ya kombe, na wenye miguu myepesi wakimbie kwa nguvu zote walizopewa. Lakini Jumamosi ya Shule ya Jumapili si siku hiyo, na refa awe na ruhusa ya baraza la parokia kusimamisha mchezo mpaka mwenye kelele atakapotulia.

Wenye kutaka kuanza wasingoje wataalamu wawafikie. Waanze kwa kumwuliza mama wa mtoto mambo mawili: kitu gani humtuliza, na kitu gani humtia hofu. Yeye amefanya utafiti huo miaka yote. Wakihitaji msaada zaidi, viko vituo vya kupima na kushauri juu ya elimu ya watoto wenye ulemavu, vilivyoanza nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu iliyo karibu itawaelekeza. Wako pia walimu waliosomea kazi hii katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya huko Kasarani, iliyoundwa mwaka 1986. Huenda mmoja wao huketi katika kiti cha nyuma katika kanisa lenu, na hajaulizwa neno. Tena wawepo watu wazima wawili kila wakati, asiachwe mtu mzima mmoja peke yake na mtoto nyuma ya tangi wala mahali pengine, hata awe mwema namna gani.

Neno la mwisho juu ya Yakobo. Aya ya 17 inasema alipofika Sukothi alijijengea nyumba, na mifugo yake akaifanyia vibanda, hata mahali pale pakaitwa kwa jina la vibanda hivyo. Alifikiria kivuli. Viwanja vyetu vingi havina kivuli hata kidogo, na mtoto akizidiwa na jua au kelele hana pa kwenda ila nyuma ya choo. Miti minne, mabati matatu, benchi moja na mtungi wa maji. Vijana wa parokia waweza kumaliza kazi hiyo kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, na Umoja wa Akina Mama wakaleta chai. Wakijenge kando kidogo, lakini mahali ambapo aliyeketi ndani anaweza kuuona mpira.

Tukijaliwa tutakutana tena wiki ijayo saa hizi hizi. Kwaherini.